SOMO LA UFUGAJI: KAZI NNE ZA BATA MAMA

Katika somo hili tunajifunza namna ya kutotoa mayai ya bata nyumbani. Mayai 12 ukiyaweka yalaliwe, hukuyala wala hukuyauza. Yakioza, jamaa imepoteza chakula na mwezi mzima wa kazi. Kwa hiyo tusiianze kazi hii kwa kubahatisha.

Wengi hufikiri kwamba yai linahitaji joto tu. Lakini bata mama hufanya kazi nne: hutia joto, hugeuza, hulowesha na hupoza. Anayeshika nafasi yake lazima afanye zote nne.

1. Tujue ni bata gani

Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Bata mweupe mwenye mdomo wa manjano, anayepiga kelele sana, mayai yake huchukua siku 28. Bata mwenye nyama nyekundu usoni, ambaye hapigi kelele, mayai yake huchukua siku 35 hivi. Mayai yaliyowekwa tarehe 1 Juni, ya yule wa kwanza yataanguliwa karibu na tarehe 29 Juni, na ya huyu wa pili karibu na tarehe 6 Julai. Watu hutupa mayai mazima siku ya 30 wakidhani yameharibika. Andika tarehe ukutani.

2. Kuchagua mayai

Chukua mayai ya bata walio pamoja na dume. Dume mmoja anatosha majike wanne au watano. Yai lisizidi siku 7 tangu kutagwa. Usiyaoshe, maana ganda lina utando unaozuia uchafu kuingia. Lililochafuka sana au lenye ufa, lipelekwe jikoni. Mayai yaliyosafirishwa kwa pikipiki yapumzishwe usiku mmoja, ncha nyembamba ikiangalia chini.

3. Nani atalalia?

Kwa nyumba isiyo na umeme, njia bora ni bata mwenyewe. Kuku wa kienyeji anaweza kulalia mayai 5 au 6 ya bata, lakini atakaa muda mrefu kuliko alivyozoea, naye atakonda. Mwekee chakula na maji karibu. Mayai ya siku 35 ni afadhali kumwachia bata.

Wenye umeme hutumia sanduku la mbao lenye balbu, matundu ya hewa, beseni ndogo ya maji na termometa. Joto linalopimwa juu ya mayai liwe karibu digrii 38. Joto likizidi huua upesi kuliko baridi ya muda mfupi. Umeme ukikatika, funika sanduku kwa blanketi na weka ndani chupa za maji ya moto zilizofungwa nguo.

Angalizo kubwa: tusitie joto mayai kwa mbabula ya makala ndani ya nyumba tunamolala. Hewa ya makala haina harufu ya kumwamsha mtu, nayo huua jamaa nzima usiku mmoja. Vilevile, ndugu wa upande wa Goma na Sake wanajua mazuku, ile hewa nzito inayokaa mabondeni na kwenye mashimo ya mawe ya volkano. Huko usiweke kiota shimoni. Bata, aliye chini, atakufa kwanza.

4. Kugeuza, kulowesha, kupoza

Geuza mayai ya sandukuni mara tatu au tano kwa siku. Tia alama ya kalamu upande mmoja ili ujue uliyoyageuza. Yai lisilogeuzwa, kifaranga hugandamana na ganda.

Bata mama hutoka mara moja kwa siku kula na kuoga, kisha hurudi na tumbo lenye maji. Hapo mayai yamepoa kidogo na yamelowa. Kuku hafanyi hivyo, wala balbu. Kwa hiyo, kuanzia siku ya 10, fungua sanduku dakika 10 kila siku, unyunyize maji ya vuguvugu. Chini ya kuku nyunyiza anapotoka kula. Sisi tunakaa juu: Ziwa Kivu peke yake liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Huku juu yai hupoteza maji yake haraka zaidi, hasa wakati wa kiangazi. Yai likikauka, kifaranga hukwama kwenye utando.

Siku ya 8 hivi, tazama mayai gizani kwa tochi. Lenye mishipa kama miguu ya buibui lina uhai. Lililo jeupe tupu halina kitu. Linalonuka litolewe mara moja, lisije likapasuka juu ya mengine.

5. Siku za mwisho

Siku tatu kabla ya kuanguliwa, acha kugeuza. Ongeza maji kwenye beseni, na usifungue ovyo. Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kuchukua siku moja hadi mbili kutoka. Huko ndani hajalala: damu iliyo kwenye utando inarudi mwilini, na kiini kinaingia tumboni. Anayemvuta kwa huruma humtoa damu. Tuwaeleze watoto, maana wao ndio wenye haraka.

Akitoka, mwache akauke. Maji ya kunywa yawe kwenye sahani ya kuzamisha mdomo, si mwili. Kifaranga asiye na mama bata hulowa upesi na kufa kwa baridi. Kuogelea kusubiri manyoya.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Nyumbani kwetu kuna bata wa aina gani, na siku zake ni ngapi?
2. Katika kazi nne, ni ipi tunayoisahau zaidi?
3. Nani atabaki na mayai siku ya mgao wa chakula, wakubwa wote wakiwa kwenye mstari?