Jozi na Mbili: Mpangilio wa Elektroni na Usumaku wa Oksijeni

Katika Kiswahili, viatu viwili vya mguu wa kushoto ni viwili, lakini si jozi. Tofauti hiyo ndiyo inayohitajika katika kueleza usumaku wa maada. Kila elektroni ina sifa iitwayo spini, inayoifanya iwe kama sumaku ndogo mno yenye mielekeo miwili tu. Kwa mujibu wa kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925, obitali moja haichukui zaidi ya elektroni mbili, nazo sharti ziwe na spini zinazokinzana. Hiyo ndiyo jozi, na usumaku wa spini zake hubatilishana. Maada ambayo elektroni zake zote zimo katika jozi husukumwa kidogo na sumaku. Yenye elektroni pweke kwa kawaida huvutwa.

Oksijeni ndiyo iliyoleta utata. Mchoro wa nukta unaotokana na nadharia ya Gilbert Lewis ya mwaka 1916, ambao ungali unafundishwa, huziweka elektroni zote 12 za nje za molekuli ya oksijeni katika jozi sita. Kwa mchoro huo, oksijeni isingevutwa na sumaku. Hata hivyo, mwaka 1891 James Dewar alikwisha kuonyesha mjini London kwamba oksijeni kimiminika hurukia ncha za sumakuumeme na kung'ang'ania hapo. Ufumbuzi ulitokana na nadharia ya obitali za molekuli, katika kazi za Robert Mulliken (1928) na John Lennard-Jones (1929). Elektroni mbili za mwisho hukuta obitali mbili zenye nishati sawa. Kila moja hukaa katika yake, spini zikielekea upande mmoja. Ni mbili, lakini si jozi.

Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walipima damu. Katika hemoglobini isiyo na oksijeni, kila atomu ya chuma ina elektroni pweke nne. Ikishika oksijeni, usumaku huo hutoweka. Yaani, vitu viwili vyenye elektroni pweke huungana vikawa kitu kisichovutwa! Kwa maelezo ya Pauling, chuma na oksijeni kila kimoja hukamilisha jozi zake. Joseph Weiss, mwaka 1964, alipendekeza vingine: elektroni moja huhamia kwenye oksijeni, na pande zote mbili hubaki na elektroni pweke moja moja, spini zikikinzana. Hapo jozi ipo, ila kila kiatu kimo katika chumba chake.