Nafuu kwa Nani? Neno Moja katika Mjadala wa Maegesho na Makazi

Makala haya yanachunguza matumizi ya neno nafuu katika mjadala wa kugeuza maegesho ya magari yaliyo kando ya stesheni za reli kuwa makazi. Mfano wetu mkuu unatoka jimbo la California, Marekani, ambako mjadala huo umedumu kwa zaidi ya miaka 30. Tumeuchagua kwa sababu neno lilo hilo linatushughulisha sisi pia hapa Kenya.

Reli ya abiria ya BART, inayohudumia San Francisco na miji jirani, ilianza kazi mwaka 1972. Stesheni zake nyingi zilizungukwa na viwanja vipana vya maegesho, ili mkazi wa mbali aje kwa gari lake, aliache hapo, kisha apande treni kwenda kazini. Kitenzi egesha, ambacho mabaharia wetu walikitumia kwa chombo kinachosogezwa gatini, kinafaa sana hapa: kinachoegeshwa hakikai, kinangoja kuondoka. Ikifika jioni magari huondoka na uwanja hubaki mtupu, ilhali watu wanatafuta mahali pa kulala.

Mwaka 1991, BART ilitangaza mpango wa kujenga jengo la maegesho la ghorofa katika stesheni ya Fruitvale, mjini Oakland, mtaa wenye wakazi wengi wa asili ya Amerika ya Kilatini. Wakazi walipinga. Waliona kwamba jengo hilo lingeitenga stesheni na maduka yao na kuwaongezea moshi wa magari. Shirika la kijamii la Unity Council, likiongozwa na Arabella Martinez, liliandaa mpango mbadala pamoja na wakazi wenyewe. Mradi ulifunguliwa mwaka 2004 ukiwa na maduka, zahanati, maktaba na nyumba 47. Jengo la maegesho nalo lilijengwa, ila lilisogezwa kando.

Wengi husifu mradi huu kama kielelezo, na sifa hizo unazistahili. Hata hivyo, kati ya nyumba hizo 47, ni 10 tu zilizotengewa watu wa kipato cha chini. Hapo ndipo neno letu linapoanza kudai maelezo.

Nafuu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule uliotupa faa na manufaa. Katika Kiswahili limebeba pia maana ya ahueni: mgonjwa hupata nafuu, lakini anayepata nafuu si lazima awe amepona. Kwa hiyo nafuu ni neno la kulinganisha. Daima linadai nyongeza: nafuu kuliko nini, na kwa nani? Anayesema nyumba za bei nafuu bila nyongeza hiyo hajasema uongo, ila hajasema jambo linaloweza kupimwa.

Wamarekani wamejaribu kuijaza nafasi hiyo kwa hesabu. Nyumba huhesabiwa kuwa nafuu ikiwa gharama yake haizidi asilimia 30 ya mapato ya familia, nayo familia hupangwa katika daraja kwa kulinganishwa na kipato cha kati cha eneo zima. Dosari yake ni dhahiri. Matajiri wakihamia eneo fulani, kipato cha kati hupanda, na nyumba ile ile inayoitwa nafuu humponyoka mwuza matunda. Lakini kipimo chenye dosari kinaweza kuhojiwa. Tangazo tupu haliwezi. Mwaka 2016, BART ilijiwekea lengo la nyumba 20,000 katika ardhi yake ifikapo 2040, asilimia 35 ziwe za gharama nafuu. Sheria ya jimbo ya mwaka 2018 ikailazimisha miji kuoanisha kanuni zake za ujenzi na viwango vya BART. Huko huko Fruitvale, Casa Arabella, jengo la nyumba 94 lililosimama palipokuwa maegesho, limetengewa wenye kipato cha chini.

Tusimsahau anayepoteza nafasi ya gari. Aghalabu huyu naye alifukuzwa mjini na kodi kubwa, na basi la kumfikisha stesheni huenda halipo. Malalamiko yake si ya ubinafsi.

Hapa kwetu, stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012 ikiwa na uwanja wake wa maegesho. Tangu 2024, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi. Aidha, Katiba ya 2010 inadai ushirikishwaji wa wananchi na kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Basi mwanafunzi wa Kiswahili atakayeitwa kutafsiri tangazo la mradi wa nyumba kando ya reli asiishie kwenye bei nafuu. Aandike kodi ya mwezi kwa shilingi, kipato cha mpangaji aliyekusudiwa, na idadi ya nyumba alizotengewa. Mwenye tangazo akikosa takwimu hizo, mfasiri asimzibie pengo kwa neno tamu. Amrudishie tangazo lake alijaze.