Fedha Tatu za Msafiri: Somo kwa Mwenye Kuvuka Kwenda Unguja

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Sifa njema zote ni zake, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake.

Amma baad. Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Usa River, chini ya mlima Meru, kando ya barabara iendayo Moshi. Kila mwaka, na khasa ufikapo Mfungo Sita, watu wa kwetu huvuka kwenda Unguja: huyu aenda maulidini, huyu aenda kusoma, huyu aenda kuzuru jamaa, na huyu aongoza wageni waliokwisha kutazama wanyama na sasa wataka kuiona bahari. Kabla ya kuondoka huja kuniuliza habari za sala ya safari, rakaa zipi hufupishwa na zipi hukusanywa. Jambo hilo ni jema. Lakini ni wachache mno walioniuliza habari za fedha zilizomo mifukoni mwao, ilhali katika fedha ndimo nilimoona wasafiri wengi wakiharibikiwa, na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Kwa hiyo nimeona yanipasa kuandika somo hili fupi.

KISA

Mwaka mmoja wazee wa wanafunzi wangu walichanga fedha ili niwanunulie watoto juzuu na misahafu huko Unguja. Wengine walinipa noti mkononi, na wengine walinitumia kwa simu. Zile za mkononi nami nikampa wakala anitilie katika simu, nikasema moyoni: hivi ni salama kuliko mfuko. Na nauli yangu, na chakula changu, na zawadi za wanangu, zote zilikuwa katika simu hiyo hiyo.

Nikapanda basi hata Dar es Salaam, nikalala huko, na asubuhi nikapanda boti. Kila nilipohitaji nilitoa fedha kwa wakala, na kila kutoa kuna ada yake. Sikuandika hata mstari mmoja. Siku ya tatu nikaingia duka la vitabu, nikachagua, vikahesabiwa, vikafungwa kamba. Nilipotazama salio nikaona limepungua shilingi 46,000 katika haki ya wazee. Sikuibiwa na mtu. Nimezila mwenyewe kidogo kidogo, mimi niwafundishaye watoto mlango wa amana.

Nikarudi na misahafu pungufu. Baada ya sala ya Ijumaa nikawakusanya wazee, nikawaeleza mambo yalivyokuwa. Wako waliosema wamesamehe. Lakini mama mmoja mtu mzima, auzaye ndizi sokoni, ambaye mchango wake ulikuwa shilingi 5,000, akaniambia, "Maalim, lau ungetupigia simu ukasema umepungukiwa, tungekwambia tumia. Mbona hukutuuliza kwanza?" Swali hilo sikuwa na jawabu lake siku ile, wala leo sinalo. Nililipa deni lile kwa muda wa miezi miwili.

FEDHA TATU

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa kila msafiri huchukua fedha za namna tatu, hata zikiwa katika mfuko mmoja. Ya kwanza ni fedha ya njia: nauli ya kwenda, chakula na malazi. Ya pili ni fedha ya marejeo, nayo ni ile itakayokurudisha kwako. Ya tatu ni amana ya watu. Fedha ya kwanza ni yako kuitumia. Ya pili ni yako, lakini usiiguse. Ya tatu si yako kabisa. Mwenye kuzichanganya hizi tatu hajui ni ipi aitumiayo, na asiyejua aitumiayo ataila ya mwenziwe huku akidhani ala yake.

MAS'ALA YA KWANZA: AMANA

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, kama alivyoeleza Imam Nawawi katika Minhaj, wamesema kwamba aliyewekewa amana hadhamini kikipotea pasipo uzembe wake. Lakini akiichanganya na mali yake hata isipambanuke, basi huwa ni mdhamini. Kadhalika akiitumia. Maana yake, hata ikiibiwa baada ya hapo, yampasa ailipe.

Swali. Fedha ya simu haina noti wala sarafu ya kupambanua. Je, kila atumiwaye amana kwa simu ni mdhamini?

Jawabu. Lionekanalo kwangu ni hili. Mwenye kukutumia kwa simu, naye ajua kwamba una salio lako humo, amekwisha ridhia fedha yake ichanganyike na yako, kwani hiyo ndiyo ada ya watu. Lakini kuridhia kuchanganya si kuridhia kutumia. Ama yule aliyekupa noti mkononi, ukazitia katika simu bila ya kumwambia, huyo hakuridhia lolote. Basi mwombe idhini kabla. Ni neno moja tu. Na lililo bora ni kuwa na laini ya pili, au kumtumia mwenye duka moja kwa moja, ili amana isipite katika salio lako.

Swali. Ada ya kutuma na kutoa ni juu ya nani?

Jawabu. Patana na mwenye fedha kabla ya safari. Akikupa 50,000 ununue kitu cha 50,000, ada itatoka wapi? Ukinyamaza, mmoja wenu atadhulumika.

MAS'ALA YA PILI: FEDHA YA MAREJEO

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 197, tumeamrishwa kuchukua masurufu, na tumeambiwa kwamba yaliyo bora ni uchaji Mungu. Wafasiri wameeleza kuwa walikuwako watu wa Yemen waliokwenda Hija mikono mitupu wakisema wanamtegemea Mungu, kisha wakawaomba watu. Basi kutegemea ni pamoja na kujiandaa.

Nauli ya kurudi, ya boti na ya basi, iweke mbali na simu: noti zilizokunjwa na kutiwa mahali pengine, katika begi au ndani ya nguo. Kwani simu huishiwa na umeme, huanguka baharini, hupotea. Na mwenye kukosea namba ya siri mara kadha huenda akaunti yake ya fedha ikafungwa, akahitaji kitambulisho ili ifunguliwe. Na kitambulisho chenyewe usikiache nyumbani, kwa kuwa hata tiketi ya boti ina nauli ya wenyeji na nauli ya wageni. Wala usitumie kitambulisho cha mwenzio ili upate nauli pungufu. Huo ni uwongo ulioandikwa.

Na ukikwama kweli, jua kwamba mwana wa njia ni mmoja wa wale wanane waliotajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, hata kama ni tajiri kwao. Lakini yule ambaye nduguye aweza kumtumia fedha kwa simu katika dakika moja, huyo asijihesabu kuwa amekatikiwa na njia.

MAS'ALA YA TATU: KUBADILI FEDHA

Watu wazee waliikuta Unguja ikitumia rupia, mpaka mwaka 1936 ilipoingia shilingi ya Afrika ya Mashariki, kwa shilingi moja na nusu kwa kila rupia. Tangu 1966 bara na visiwani fedha ni moja, shilingi ya Tanzania. Kwa hiyo mtu wa Usa River hana haja ya kubadili chochote. Lakini vijana wetu waongozao wageni hupewa bakhshishi kwa dola, nao yawapasa kujua mambo mawili.

La kwanza ni la serikali. Tangu tarehe 28 Machi 2025, kanuni zimekataza kutaja bei au kulipa kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa. Basi badili dola yako benki au katika duka lenye leseni, ukapewa risiti. Usibadili na mtu wa njiani.

La pili ni la sheria yetu. Majmaa ya Fiqhi ya Jidda, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, ilipitisha kwamba fedha za karatasi zina hukumu ya dhahabu na fedha katika mambo ya riba. Kwa hiyo dola kwa shilingi yafaa kuzidiana, lakini sharti mpokezane papo hapo kabla ya kuachana. Ukimpa mtu dola leo, akakwambia shilingi zake njoo kesho, mauzo hayo hayakusihi.

Tena tahadhari na chenji. Noti za zamani za mwaka 1985 hadi 2003, na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zilikoma kuwa fedha halali baada ya tarehe 5 Aprili 2025. Ukirudishiwa noti ya 500 gizani, umerudishiwa karatasi. Na wewe uliye nayo usimpe mwenzio. Huo ni udanganyifu.

MAS'ALA YA NNE: UJIRA NA MKOPO

Ushukapo bandarini Malindi watakujia wachukuzi na wenye magari. Patana bei kabla ya kuinua mguu. Ujira usiojulikana huiharibu ijara, na ikiharibika, mchukuzi hustahiki ujira wa mfano, yaani ule apewao mwenziwe kwa kazi kama hiyo. Hapo ndipo magomvi huanza, kila mmoja akitaja mfano wake. Na uwe na noti ndogo ndogo na sarafu, kwani mwenye daladala na muuza urojo hawana chenji ya 10,000. Mashine za kutolea fedha kwa wingi zimo mjini; katika vijiji vya pwani ni chache, basi jiandae kabla ya kutoka mjini.

Salio likipungua, simu itakukaribisha kwenye mkopo unaorudishwa pamoja na ziada. Ziada iliyoshurutishwa katika mkopo ni riba, iwe kubwa au ndogo. Kopa kwa mwenzio wa safari, mwandikiane na mshuhudishe, kama tulivyofunzwa katika aya ya 282 ya Al-Baqara. Na aya inayofuata yataja khasa msafiri aliyekosa mwandishi, kwamba atoe rehani. Leo mwandishi hakosekani, kwani ujumbe wa simu ni maandishi.

Na ukipokea ujumbe usemao ile fedha itume kwa namba hii, usitume hata jina likifanana na la jamaa yako, mpaka umsikie kwa sauti yake. Namba yako ya siri usimtajie wakala wala mwingine yeyote. Na fedha ikiingia katika simu yako kwa makosa, hiyo si riziki uliyoshushiwa. Ina mwenyewe, naye anahangaika. Mrudishie kwa njia ya kampuni ya simu.

KHATIMA

Ewe mwanafunzi wangu, kabla hujatoka chukua daftari, upige mistari miwili isimame, upate nafasi tatu: njia, marejeo, amana. Kila jioni, baada ya sala ya Isha, andika ulichotoa na nafasi uliyokitoa. Haizidi dakika tano. Ukiona nafasi ya njia imekwisha, usiitazame nafasi ya tatu; piga simu kwa wenyewe, uombe. Huenda wakakupa, huenda wakakunyima, na katika yote mawili utarudi ukiwa umesalimika.

Daftari langu mimi lilianza siku niliyoulizwa swali na yule mama, nami kila safari huandika jina lake la kwanza katika nafasi ya amana, na shilingi zake 5,000, hata nikiwa sikuchukua kitu chake.

Wallahu aalam.