Goti la Mtoto Lisivunje Ndoa



Mtoto wa kiume anaanza kutambaa, na magoti yanavimba bila kuanguka. Akitahiriwa, damu haikomi. Jirani husema amerogwa; wakwe husema ukoo wa mama una mkosi. Hapo ndipo ndoa nyingine huanza kupasuka. Basi tujifunze ukweli.

Ugonjwa huu huitwa himofilia. Damu ya mgonjwa imepungukiwa na protini ya kuigandisha, iitwayo fakta: namba 8 katika himofilia A, namba 9 katika himofilia B. Hatari si jeraha la nje tu. Damu huvuja ndani ya viungo, hasa magoti, vifundo vya miguu na viwiko. Ikivuja tena na tena katika kiungo kilekile, huharibu gegedu, na kijana huweza kulemaa.

Ni kosa la nani? Wanafunzi walimwuliza Yesu swali kama hilo juu ya kipofu (Yohane 9), naye hakumtwika dhambi kipofu wala wazazi wake. Ni kweli mama huweza kubeba himofilia bila kujua, na kila mwana wa kiume anayemzaa ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Lakini yapata theluthi moja ya wagonjwa huzaliwa katika ukoo usiojulikana kuwa nayo. Mama hakuchagua. Baba, usimrudishe kwao.

Msingoje goti livimbe ndipo mtafute dawa. Kinga ni kumdunga mtoto fakta mshipani kwa ratiba, mara nyingi siku 2 au 3 kwa juma, hata akiwa anacheza vizuri. Madaktari wa Sweden walianza njia hii miaka ya 1950. Katika uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, watoto 93 katika kila 100 waliopewa kinga walifika miaka 6 viungo vyao vikiwa vizima. Kati ya waliotibiwa baada ya kuvuja damu, walikuwa 55 tu. Siku hizi kuna pia emisizumabu kwa himofilia A, sindano ya chini ya ngozi ambayo baadhi hudungwa mara moja tu kwa majuma manne.

Dawa hizi ni ghali, lakini msikate tamaa. Nyingi hufika Kenya kama msaada kupitia Shirikisho la Himofilia Duniani. Ulizeni katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, au ya Moi, Eldoret.

Nyumbani, msimpe mtoto aspirini. Mwambieni mwuguzi kabla ya sindano yoyote ya msuli. Tohara isifanywe kabla daktari wa himofilia hajakubali. Kiungo kikivimba au kuwa na joto, mpumzisheni, wekeni barafu iliyofungwa kitambaani, mwende hospitali siku hiyohiyo.

Altareni mliahidiana uaminifu katika ugonjwa na katika afya. Ahadi hiyo sasa ina kalenda ya sindano. Mama asiibebe peke yake. Baba naye aende kliniki, ajifunze kudunga, atenge nauli mapema.

Mzungumzie jioni hii:

1. Je, kuna neno la lawama tulilowahi kuambiana ambalo tunapaswa kuombana msamaha?

2. Nani atampeleka mtoto kliniki mmoja wetu akiwa safarini?

3. Tutawaelezaje babu na nyanya, ili nao wamlinde mtoto?