Sungura Akikataa Kula Baada ya Dawa

Wengi wetu tunafuga sungura nyumbani. Sungura akishikwa na mafua au akiota jipu, jambo la kwanza ni kukimbilia kabatini kutafuta amoksilini iliyobaki baba alipougua. Kidonge hicho, sungura akikimeza, chaweza kumwua haraka kuliko hayo mafua yenyewe.

Tuangalie tumbo lake kwanza. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana pana mfuko mkubwa sana. Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaochachua nyasi. Sehemu ya chakula hicho hutoka kama kinyesi laini, naye sungura hukila papo hapo kinapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri. Msicheke! Asipokila anakosa vitamini na protini.

Sasa, dawa za jamii ya penisilini zikimezwa huwaua bakteria hao wema. Wabaya, hasa wale waitwao klostridia, wanabaki na shamba lote. Wanazaana na kutoa sumu. Sungura anaacha kula, vinyesi vyake vinakuwa vidogo na vichache, halafu anahara, na baada ya siku chache anakufa. Linkomisini na klindamisini ni hatari vile vile. Jirani yetu mmoja aliona sungura wake amekataa kula, akadhani ugonjwa umezidi, basi akamwongezea dawa. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

Jambo hili si geni. Mnamo Mei 25, 1940, huko Oxford, Uingereza, Howard Florey na wenzake waliwatia panya 8 vijidudu vya maradhi, wakawapa 4 penisilini. Wale 4 wasiopewa walikufa kabla ya kupambazuka. Lakini simbilisi, ambao tumbo lao linafanana na la sungura, penisilini huwaua. Je, wangeanza na simbilisi, dawa hii ingetufikia lini? Mimi hujiuliza sana. Hata chinchila, mnyama mwenye manyoya laini kutoka milima ya Andes ambaye watu wa Ulaya na Marekani humfuga nyumbani, yumo katika hatari iyo hiyo.

Hata hivyo si kila dawa ni mbaya. Daktari wa mifugo ana zinazomfaa, kama enrofloksasini, au trimethoprimu iliyochanganywa na salfa. Penisilini yenyewe yeye huweza kuidunga kwa sindano kwa magonjwa fulani. Ila hata dawa inayofaa yaweza kupunguza hamu ya kula, na nyingine ni chungu ajabu. Kwa hiyo mpe nyasi kavu na maji kila wakati, umpime uzito kila siku, na uhesabu vinyesi asubuhi.

Akipitisha nusu siku bila kula chochote, usingoje kesho. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukisimama gesi hujaa na maumivu huzidi, naye akiwa na maumivu ndipo hali kabisa. Mpeleke kwa daktari upesi, na ubebe pakiti ya dawa uliyompa, hata kama imebaki tupu, ili daktari asome jina lake.