Mvumo wa Masikio na Vidonge vya Madini



Mjomba wangu ni msaga unga huku Merikit. Amesimama kando ya mashini ya dizeli miaka 18, na sasa hata mashini ikizimwa yeye bado huisikia. Usiku kukiwa kimya ndipo mvumo unapozidi, mfano wa nyenje katika masikio yote mawili. Wazee husema kuwa sikio likivuma, basi mtu anatajwa mahali. Mjomba asema kama ni hivyo, yeye ametajwa miaka minne bila watu kupumzika.

Mwaka huu mchuuzi mmoja alimwambia kuwa masikio yake yamepungukiwa na madini, akamwuzia vidonge vya zinki. Vilikuwa vile vile vya miligramu 20 wapewavyo watoto wenye kuhara. Mjomba alimeza vinne kila siku kwa miezi miwili, ndipo akaniuliza mimi, kwa kuwa nasoma sayansi, mbona nyenje hawaondoki.

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojipinda kama gamba la konokono, kiitwacho koklea. Kimejaa maji, na humo mna seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 hivi. Sauti ikiingia, maji hutikisika, vinyweleo huinama, na habari hupelekwa kwa mshipa wa fahamu hata ubongoni. Makelele makubwa ya siku nyingi huziua seli hizo, na za binadamu zikifa hazimei tena. (Kuku ametushinda hapa: zake humea upya, kama wataalamu walivyogundua katika miaka ya 1980.) Ubongo ukikosa habari uliyoizoea, wengi wa wataalamu husema, hujiongezea nguvu wenyewe ili usikie, kama mtu afunguaye redio kwa sauti kubwa wakati stesheni iko mbali: apatacho ni mvumo tu.

Je, zinki yaingiaje? Neno la mchuuzi halikuwa uwongo mtupu. Koklea ina zinki nyingi, na watu wengine wenye mvumo wamepimwa wakaonekana wanayo kidogo. Lakini mwaka 2016 wataalamu wa jumuiya ya Cochrane walikusanya majaribio matatu yenye wagonjwa 209, wasione ushahidi kuwa zinki yapunguza mvumo. Na mwaka 2014 waganga wa masikio wa Marekani walikuwa wamekwisha kuwaagiza wenzao wasiwape wagonjwa wa mvumo zinki wala vidonge vingine vya lishe kwa ajili hiyo. Tena zinki ikizidi humzuia mtu kupata shaba kutoka katika chakula, akapungukiwa na damu. Kipimo cha juu walichokiweka Wamarekani ni miligramu 40 kwa siku. Mjomba alikuwa akimeza 80!

Magnesi ina sifa nzuri kidogo. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1994 huko Israeli, askari 300 waliokuwa wakijifunza kupiga bunduki waligawanywa, wengine wakapewa magnesi na wengine unga usio na dawa. Waliopewa magnesi waliharibika masikio kwa uchache. Lakini angalieni, vijana wale walikuwa wazima, nao waliinywa katika siku zile zile za makelele. Kulinda nyumba isiungue si sawa na kuijenga iliyokwisha kuungua.

Madini yafaayo kweli ni yale yaliyopungua mwilini. Mtu aliyekwishwa damu kwa malaria au safura huweza kusikia sikioni sauti inayokwenda sawa na mapigo ya moyo. Huyo akitibiwa, akapewa chuma, sauti huweza kutoweka. Mvumo wa mjomba haufuati moyo.

Ziko na dawa ziletazo mvumo. Kwinini huuleta, nao kwa kawaida hupita dawa ikiisha. Sindano za streptomisini na jentamisini huweza kuharibu seli zile moja kwa moja. Mgonjwa asiiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, bali amwambie daktari upesi.

Tulimpeleka mjomba akachunguzwe, maana hata nta iliyoziba huleta mvumo, nayo huondolewa kwa dakika chache. Kwake hapakuwa na nta. Alipopimwa, sauti nyembamba zilikuwa zimempotea. Shirika la Afya Duniani lasema desibeli 80 zavumilika saa 40 kwa juma, lakini 90 ni saa 4 tu. Nanyi mnaolala na simu masikioni, hesabu hiyo ni yenu pia.

Sasa mjomba huvaa vifuniko vya masikio kazini (pamba aliyokuwa akiitia haizuii mengi), na zinki ameiacha. Usiku huwasha redio kwa sauti ya chini sana, karibu na kitanda. Nyenje wapo, asema, lakini wamechanganyika na watangazaji, naye hupata usingizi kabla ya taarifa ya habari kwisha.