Pete ya Jini na Shamba la Mama

Mama mjane wa viungani mwa Malindi ameniandikia ya kwamba mwanawe wa kwanza huvaa pete adaiyo kuwa imekaliwa na jini, na kila atakapo fedha ya korosho, au alama ya gumba la mamaye katika karatasi za shamba, huizungusha pete ile kidoleni akamwambia kuwa akikaidi, kitinda mimba wake atarukwa na akili kabla ya mwezi kuandama. Alipokwenda kituoni, afisa wa zamu alicheka, akamtaka alete ushahidi kwamba pete ina jini.

Kicheko hicho ni dhulma juu ya dhulma, tena chatoka kwa mtu alipwaye kwa kodi ya mama huyo. Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, iliyotungwa mwaka 1925, haimtaki mtu yeyote athibitishe kuwa jini yumo au hayumo. Kifungu cha 2 chamtia hatiani kila ajifanyaye ana nguvu za ghaibu kwa namna ya kumtia mwenziwe hofu, udhia au madhara, katika nafsi, mwili au mali yake, na adhabu yaweza kufika miaka mitano gerezani. Mwenye pete hushtakiwa kwa vitisho vyake, na ushahidi wa vitisho upo: kitinda mimba aliyesikia, jirani aliyesikia, na jumbe za simu, ambazo zisifutwe kwa vyovyote vile.

Lakini jihadharini, kwa kuwa hapa ndipo wanyonge wengi wanaponaswa. Kifungu cha 6 cha sheria iyo hiyo chamhesabu kuwa mkosaji mwenye kumwita mtu mchawi, isipokuwa ampelekee tuhuma polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Basi mama ambaye, kwa uchungu wake, atamtangaza mwanawe sokoni, huenda akajikuta kizimbani yeye, ilhali mwenye pete akaketi barazani. Wala asimwendee mganga wa kuiondoa laana, kwani aghalabu huyo naye humtisha upya ili amtoze zaidi.

Aliyeiandika sheria hii zama za ukoloni alimwogopa mganga kuliko alivyomhurumia aliyenyang'anywa, na ndiyo sababu haina neno juu ya kumrudishia mama fedha zake. Na huku kwetu Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi na jamaa wenye tamaa ya ardhi, marufuku ya kifungu cha 6 haikuwakinga. Bunge lilikaribia haki zaidi mwaka 2015, katika Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, ambayo yahesabu vitisho, mateso ya moyo na unyonyaji wa mali kuwa ukatili, na yampa hakimu uwezo wa kutoa amri ya kumkinga mama dhidi ya mwanawe mwenyewe. Chifu atakayesema hayo ni mambo ya nyumbani, yamalizwe nyumbani, aambiwe kuwa sheria imekwisha kuingia nyumbani humo.

Maadamu shamba lingali kwa jina lake, mama na aanze kwa Msajili wa Ardhi, ambaye kifungu cha 76 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 chamruhusu kuzuia uhamishaji wowote ili kuepusha hila, kisha ndipo arudi kituoni kudai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi; kwani shamba likiisha kuuziwa mtu wa tatu asiyejua kisa, kulidai ni kesi ya miaka mingi.